Ombi Lililofika Dabaso Kabla ya Kufika Mbinguni

Vijana wangu wa chama, mmenikamata. Nilidhani mtu akishaagwa, akapewa soda, akapigwa picha macho yamefumbwa, basi kazi imekwisha. Kumbe bado. Mmetaka niandike jinsi ushauri wa Neno ulivyokuwa zamani hapa Matsangoni, na hasa jinsi watu walivyoturudia baada ya kutukimbia, maana nyinyi mmelikuta benchi limejaa mkadhani lilizaliwa limejaa. Nitaandika. Lakini niliishia darasa la nne, na hata hilo la nne mwalimu alinipitisha kwa kuwa alikihitaji kiti changu. Atakayepiga chapa asahihishe herufi, asiguse hadithi.

Jambo moja kwanza. Kuna mama humu nitamwita Mama Riziki. Silo jina lake. Nilimwendea nikamsomea daftari hili lote, akasikiliza amefunga mikono kifuani, kisha akasema niandike, mradi yeye nimpe jina la kuazima na mzee mmoja wa kanisa, nitakayemwita Kahindi, naye nimpe la kuazima. Kwa hiyo Kahindi mtakayemsoma si Kahindi. Msianze kuwachungulia wazee wa kanisa vinywani.

Mimi sikuajiriwa kushauri mtu. Niliajiriwa kufungua madirisha, kufuta benchi na kuchemsha chai. Chumba chetu kilikuwa ubavuni mwa kanisa, na aliyekianzisha chama alikuwa Mama Nyevu, mjane mrefu mwenye sauti ndogo. Alikuwa mkunga wa kienyeji kabla ya kuwa mshauri, na alisema kazi ni ile ile: unakaa karibu, unashika mkono, na husukumi kabla ya wakati.

Siku yangu ya kwanza Mama Nyevu alichelewa. Akaja mzee mmoja amevaa koti la harusi, na ilikuwa Jumanne tu. Akaketi. Nami nisijue la kufanya, nikampa chai. Akaanza. Akasema juu ya mwanawe, akasema juu ya shamba, akarudi kwa mwanawe. Mimi nilinyamaza, wala si kwa busara, nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na la kusema. Chai ilipokwisha akasimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akashukuru, akaenda zake. Mlangoni akapishana na Mama Nyevu.

"Umemwambia nini?" Mama Nyevu akaniuliza.

"Nimemwambia sukari iko koponi."

"Na nini tena?"

"Basi."

Akaninyang'anya kitambaa cha kufutia benchi. "Kesho madirisha atafungua mwingine. Wewe utaketi hapa."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu Sidi kwamba nimefukuzwa kazi siku ya kwanza, na nimefukuziwa ndani.

Vyombo vyetu vilikuwa vitatu: benchi, Biblia ya herufi kubwa, na ungo wa pojo. Nyinyi siku hizi mna fomu, na fomu ni nzuri, sizisemi vibaya. Lakini Mama Nyevu hakumruhusu mtu aketi mikono mitupu. Mama anaingia amevimba kwa hasira, anapewa ungo, lungo kama tunavyosema nyumbani, wenye pojo ambazo hazijachambuliwa. Mshauri anashika upande wa pili. Jiwe huku, pojo huku. Macho yakipata kazi, mdomo hauoni haya. Mtu asiyeweza kukutazama usoni akakwambia yaliyomo nyumbani mwake, atayaambia yale mawe kila kitu. Wanaume nao walichambua, tena wao ndio waliotia bidii. Watu walisema hakuna duka lenye pojo safi kama chama cha washauri.

Neno lenyewe nilianza kwa kulitumia kama fimbo. Alikuja bwana mmoja mnyonge kweli kweli, amekonda, usingizi hapati. Sikungoja amalize. Nikamfungulia Ayubu, nikamsomea sura tatu bila kupumua. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Mzee Charo, huyu Ayubu alikuwa na wakwe?"

"Hapa sijaona."

"Mimi ninao. Wamekuja kunisalimia wiki ya nne hii. Wako tisa."

Tangu hapo nilijifunza kuuliza kwanza, kufungua kitabu baadaye. Hilo liandikeni mahali, ndilo somo langu kubwa, na nilifundishwa na wakwe wa mtu.

Sasa nifike penye kidonda. Kila Ijumaa alasiri washauri wote tulikutana kuwaombea watu waliokuja juma lile. Tulitoka Matsangoni, Dabaso, wengine walifika kutoka Kilifi. Sheria ilikuwa moja: jina halitajwi. Na sisi jina hatukulitaja, hilo naapa. Lakini aliyeomba vizuri alikuwa yule aliyeomba kwa mapana na marefu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa fundi. Sauti ninayo. Nikisimama kuomba, hata mbuzi wa jirani waliacha kutafuna. Mtu mwingine angesema, "Bwana, mkumbuke dada yetu." Mimi ningesema dada yetu yupi, wa upande gani, ana watoto wangapi, mlango wake unatazama wapi. Nilitaka Mungu asipotee njia.

Juma moja alikuja Mama Riziki kutoka Dabaso. Alichambua ungo mzima ndipo akasema: mumewe amehamisha kitanda. Hakugombana naye, hakumpiga, hakusema neno. Amekibeba kitanda na bwana mmoja jirani, wakakipeleka nyumbani kwa mama mkwe, ng'ambo ya ua, na huko ndiko mumewe anakolala. Hili naliandika kwa kuwa Dabaso nzima ililijua, na sababu ya Dabaso kulijua ni mimi.

Maana Ijumaa nilisimama. Nikasema, "Bwana, umwone dada yetu mmoja wa kule Dabaso, karibu na ile njia ya mbao ya mikokoni, mwenye watoto wanne, wa mwisho ana kovu kidevuni. Umrudishie kitanda chake, Bwana! Ukivushe ule ua, Bwana!" Wakaitikia amina mpaka bati likalia. Niliketi nikijiona nimeomba.

Katika chumba kile walikuwemo washauri wawili wa Dabaso. Hawakusengenya, waungwana wale. Walirudi kwao, kila mmoja akamwambia dada yake, "Tumwombee fulani." Yule dada naye akamwambia mwenzake, ili wawe wengi wa kuomba. Jumapili ilipofika, Dabaso yote ilikuwa inakiombea kitanda kile. Jumatatu Mama Riziki alikwenda mferejini kuteka maji, na mama mmoja mwenye huruma akamuuliza mbele ya foleni, "Haya, kimevuka?"

Jumanne alikuwa mlangoni pangu. Nikanyanyuka na ungo. Hakuupokea. Hakuingia.

"Mzee Charo," akasema, "nilikwambia wewe. Sikuiambia Dabaso."

Akageuka akaondoka. Nilibaki na ungo mkononi kama mtu anayeuza.

Tangu siku ile benchi lilikauka. Juma la kwanza nikasema ni mvua. Juma la pili nikasema ni msimu wa kupalilia. Juma la tatu nikamwendea Bi Mwanaidi, aliyekuwa akiuza mahamri na mbaazi kando ya chumba chetu. Bi Mwanaidi ni Mwislamu, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyezaliwa nacho, si kama changu cha kukanyagia shambani.

"Bi Mwanaidi, watu wangu wamekwenda wapi?"

"Wamekimbia sauti yako."

"Sauti yangu ina nini?"

"Haina kitu, nzuri, wallahi. Mimi huwa nimekaa hapa na karai langu Ijumaa, siri zenu nazipata kabla mahamri hayajaiva. Kile kitanda nilikijua siku ile ile. Nikamhurumia mno yule mama, nami hata simjui. Nilitaka kuja kukwambia, nikasema, ah, hawa wana Mungu wao, wamezoeana."

Sikula mbaazi siku ile. Na mimi mbaazi siziachi.

Mambo yakawa mabaya. Wazee wa kanisa wakaanza kukipima chumba kwa macho. Mzee Kahindi, huyo niliyempa jina la kuazima, mzee wa miaka sabini na kitu mwenye meno matatu na moyo mwema, ndiye aliyesoma matangazo Jumapili, naye akatangaza kwamba ikiwa chumba hakina kazi, viti vya harusi vinalowa mvua. Maana yake viti vihamie humo. Tulijua. Kama watu hawangeturudia, chama kingekufa, na kingezikwa chini ya viti vya plastiki.

Tukakutana Kilifi, washauri wote. Wa kwanza akamlaumu Shetani. Wa pili akawalaumu wanawake wa mferejini. Wa tatu, kijana msomi aliyekuwa na cheti, akasema tuweke bango barabarani liseme siri zenu ziko salama. Bango likawekwa kweli. Bi Mwanaidi alipoliona alicheka mpaka akaunguza mahamri. "Nani amewahi kuandika bango la kusema yeye si mwizi?" akaniuliza.

Mama Nyevu wakati huo alikuwa mzee sana, macho yamefifia. Alingoja wote waseme. Kisha akauliza, "Aliyeomba ni nani?"

Ningeweza kunyamaza, maana walikuwa wanajua lakini hakuna aliyetaka kunitaja. Nikasimama. "Ni mimi, mama."

"Ulikuwa unamwambia nani?"

"Mungu."

"Alikuwa hajui?"

Nikaketi.

Pale pale ikatungwa sheria mnayoifuata hata sasa. Ya watu hayatoki chumbani, hata yakiwa yamevaa nguo ya maombi. Palipo na hatari ya mtu kuumizwa, unamwambia mwenyewe kwanza kwamba hili sitalibeba peke yangu, kisha unamwita anayeweza kusaidia, basi. Na Ijumaa unasema maneno mawili tu: "Bwana, unamjua." Unaketi.

Loo, ilituwia vigumu! Ijumaa ya kwanza tulianza maombi na kumaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Tulitazamana. Mzee Kahindi, aliyekuwa akija kutuombea kama mgeni, akanung'unika, "Sasa tutaombaje bila kujua?"

"Mungu anajua," nikamwambia.

"Mungu anajua. Na mimi je?"

Mimi nikapanda baiskeli mpaka Dabaso. Mama Riziki alikuwa anakuna nazi uani. Hakunyanyuka kwenye mbuzi, lakini mwanawe mkubwa wa kike aliniletea maji, nikajua sijafukuzwa. Nikamwambia yote: nilichosema, nilivyokisema, na kwamba nilikisema kwa kupenda sauti yangu. Sikumwambia nilikuwa na nia njema. Mama Nyevu alikuwa amenikataza. Alisema, "Nia yako njema iache nyumbani, yeye haimsaidii."

Mama Riziki akakuna nazi yote mpaka kifuu kikabaki kitupu. Kisha akasema, "Nimekusikia."

Nilirudi na hilo. Njiani niliigeuza ile "nimekusikia" juu chini nione kama ndani mna "nimekusamehe". Haikuwamo.

Majuma yakapita. Siku moja, saa tatu asubuhi, nainua macho namwona Mama Riziki mlangoni. Akaingia. Akaketi. Akapokea ungo! Vijana, niliuachia mapema mno, pojo zikamwagika. Tukaziokota. Akachambua kidogo, akatazama mlango, akashusha sauti.

"Mzee Charo, nimepatikana na jambo."

"Nakusikiliza, mama."

"Nimempenda mtu."

Nikachambua jiwe ambalo halikuwa jiwe. "Naam."

"Mzee Kahindi."

"Mzee Kahindi yupi?"

"Wa matangazo."

"Huyu... huyu wetu? Mwenye meno matatu?"

"Kwani meno ndiyo mapenzi, mzee?"

Akasema anapomsikia akisoma matangazo ya mikutano ya akina mama, moyo unamwenda mbio. Akasema usingizi hana. Nikamuuliza kama Mzee Kahindi anajua, akasema hajui, na mzee akijua, yeye mama atajitupa mkondoni. Nikamwambia tutembee polepole, arudi juma lijalo. Hakurudi juma lililofuata, wala la pili.

Ndugu zangu, nimewahi kubeba gunia la mahindi kutoka shamba la mjomba wangu mpaka barabarani. Halikuwa zito kama siri ile. Jumapili Mzee Kahindi alisimama akasema, "Akina mama wote mnaalikwa Alhamisi," nami nikainamisha kichwa nikakohoa mpaka watu wakanipa maji. Nikimwona njiani na mkewe, nageuza baiskeli. Mwenyewe akafikiri nimemkasirikia kwa ajili ya viti vya harusi, akaja kuniomba radhi! Nilimshika mkono nikatazama miguu yake.

Na Sidi wangu naye si mtu wa kufichwa. Ameishi nami tangu nikiwa na nywele. Mchana mmoja nakuta wali wa nazi, mchicha wa nazi, samaki wa nazi. Nikajua ni mtego.

"Una kitu kooni," akasema.

"Ni mwiba."

"Samaki hujamgusa."

Nikagusa samaki. Akangoja. "Nikikisia, utatikisa kichwa?"

"Sidi, ukikisia nitahama nyumba."

"Utahamishia wapi kitanda?" akauliza, akaangua kicheko, kisha akaona uso wangu. Akanipakulia wali mwingine, na tangu siku ile hakuniuliza tena jambo la kazini. Nadhani ndiye wa kwanza kuamini kwamba nimebadilika.

Ijumaa ilipofika nikasimama. Nikafumba macho. Nikasema, "Bwana, unamjua." Nikanyamaza. Nikasikia watu wanavuta pumzi, wananingoja, maana walinizoea. Mtu mmoja nyuma akaninong'oneza, "Endelea, Mzee Charo." Nilikuwa na sentensi nne zimepanga foleni mdomoni, nzuri, zenye mapambo. Nikasema amina nikaketi. Hiyo ndiyo sala ngumu kuliko zote nilizowahi kuomba, na haikufika hata pumzi moja.

Mwezi ukapita, na kitu juu. Akaja Mama Riziki, mwendo wa mtu anayetoka sokoni na furaha. Hakuketi mara moja.

"Mzee Charo, nimekutana na Mzee Kahindi hapo nje. Amenisalimu kama kawaida yake."

"Ndiyo."

"Na mkewe yuko naye. Amenishika mkono, ameniulizia watoto."

"Naam."

"Mferejini pia nimekwenda kila siku. Nimekwenda hata siku ambazo ndoo zilikuwa zimejaa. Hakuna aliyenitazama vibaya. Hakuna aliyeniombea." Akacheka. "Ilikuwa uongo, mzee."

"Uongo nini?"

"Mzee Kahindi. Nitampenda vipi Mzee Kahindi, babu wa watu! Nilikutilia jiwe katika pojo nione kama utalitupa nje."

Nilitaka kukasirika, haki ya Mungu. "Mama Riziki! Nimegeuza baiskeli mwezi mzima kwa ajili yako! Nimekonda!"

"Umependeza," akasema.

(Mzee Kahindi alikuja kuambiwa na Mama Riziki mwenyewe, baadaye sana. Hakuudhika hata kidogo. Alinunua shati jipya, na matangazo yakawa marefu.)

Baada ya hapo watu walirudi, mmoja mmoja. Sikusema neno kuwaita, na bango lilikuwa limeshaanguka. Alikuja mama mmoja wa Matsangoni akaketi akasema tu, "Mama Riziki amesema nije." Wa pili akasema vilevile. Mpaka mama mkwe wa Mama Riziki naye alikuja, na yale aliyoyasema hamtayapata. Viti vya harusi vilijengewa banda lao nyuma. Nyinyi mmelikuta benchi likiwa hivyo, mkaliona la kawaida, nami nafurahi mliona hivyo.

Lakini turudi siku ile, maana sijamaliza. Alipokwisha kunicheka, Mama Riziki aliketi, akajivutia ungo, na uso ukabadilika.

"Sasa sikiliza la kweli," akasema.

Akaniambia. Halikuwa la kitanda, au kitanda kilikuwa ncha yake tu. Alisema mpaka pojo zote zikawa safi, akazichambua mara ya pili, mawe hamna, akaendelea tu kuzipitisha vidoleni. Sikufungua kitabu mpaka aliponiomba nifungue. Alipomaliza akafuta mikono kwa leso.

"Utaniombea?"

"Nitakuombea."

"Utasema nini?"

Alinikazia macho. Hilo ndilo swali alilokuwa amelibeba tangu mlangoni, tangu siku ile alipoukataa ungo. Nilifumba macho pale pale benchini, nikamwombea. Nilimwombea kwa mapana na marefu, kama nilivyojua, kila kitu chake kwa jina lake, na nilimwombea midomo imefungwa. Nje nilimsikia Bi Mwanaidi akigeuza mahamri katika karai. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mara nikasikia analia, kilio kidogo, cha mtu anayetua mzigo asijue auweke upande gani, na katikati ya kilio chake akaitikia amina.